Maongezi ya Michezo: Udongo Mwekundu wa Paris



Mwezi uliopita nilipata barua kutoka kwa mkulima mmoja wa upande wa Nyeri, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuniomba nimtaje. Aliandika kwa hati nzuri sana, tena bila kuzunguka. Alisema ya kwamba yeye husoma maongezi haya kila wiki, na ya kwamba hana neno juu ya habari za mpira wa miguu, mbio na ngumi, lakini haoni sababu hata moja ya kupoteza karatasi kwa habari za tenisi. Tenisi, asema, ni mchezo wa watu wenye vilabu. Sisi watu wa kawaida kazi yetu katika mchezo ule ni kuokota mipira. Mwisho akaniomba, kwa adabu, niwaandikie wasomaji mambo yao wenyewe.

Nimeiweka barua hiyo juu ya meza yangu na nimeisoma mara tatu. Sikukasirika, maana mwenye barua hakusema uwongo. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni niliokota mipira Jumamosi nyingi katika klabu moja iliyokuwa jirani na shule yetu. Kiwanja chao kilikuwa cha murram. Asubuhi sisi wavulana tulikinyunyizia maji, tukaburuta gunia juu yake mpaka kikalainika kama meza, tukachora mistari kwa chokaa. Lakini kushika raketi hatukuruhusiwa, hata wenyewe wakiwa wamekwenda kula chakula cha mchana. Kwa hiyo najua vema anachosema. Na ni kwa sababu hiyo hiyo nataka wiki hii nimjibu kwa habari za kiwanja kingine chenye udongo mwekundu, kilichoko Paris katika nchi ya Ufaransa, na habari za binti wa wakulima wa pamba aliyesimama juu ya udongo huo mwezi wa Mei, mwaka wa 1956. Akimaliza kusoma na aseme mwenyewe kama haya si mambo yake.

Kwanza kiwanja chenyewe, maana najua wakulima hawapendi kuambiwa habari za udongo nusu nusu.

Watu husema ya kwamba mashindano ya Paris huchezwa juu ya udongo, na msomaji anaweza kufikiri ni udongo wa mfinyanzi kama ule wa bondeni, unaoshika jembe wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Sivyo. Wafaransa wenyewe hukiita kiwanja hicho ardhi iliyopigwapigwa, na kile chekundu kinachoonekana juu ni vumbi la matofali yaliyosagwa. Tena vumbi hilo ni jembamba mno, unene wake ni milimita 1 au 2 tu. Ukilifagia utakuta chini yake rangi nyeupe, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Chini ya chokaa ni masalio ya makaa ya mawe yaliyokwisha kuungua. Chini yake kokoto, na chini kabisa mawe makubwa ya kupitisha maji. Ukichimba mpaka mwisho utapata kama sentimita 80. Mvua ikinyesha maji hushuka chini, na mchezo ukaanza tena baada ya muda mfupi. Mtu aliyewahi kujenga barabara au kuchimba mifereji ya shamba atatambua mara moja ya kuwa hii ni kazi ya fundi aliyefikiri sana juu ya maji.

Yasemekana asili ya jambo hili ilikuwa Cannes, kusini mwa Ufaransa, karibu na mwaka wa 1880. Ndugu wawili Waingereza, William na Ernest Renshaw, waliokuwa mabingwa wa mchezo huu, walikuwa wakifundisha tenisi huko, na viwanja vyao vya nyasi vilikauka kwa jua. Jirani yao palikuwa na mji wa Vallauris, ambao watu wake ni wafinyanzi. Basi wakachukua vyungu vilivyovunjika, wakavisaga, wakamwaga unga wake juu ya nyasi. Nyasi zikalindwa, na kiwanja kipya kikazaliwa. Nimefurahi kila mara ninapokumbuka jambo hili, ya kwamba kitu cha fahari namna ile kilitokana na vigae vya vyungu.

Sasa, kiwanja cha namna hii kina tabia yake. Juu ya nyasi mpira huteleza na kwenda mbio, ukiinuka kidogo tu. Juu ya vumbi la matofali mpira hushikwa. Hupunguza mwendo na kuinuka juu zaidi, karibu na bega la mchezaji. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu nyingi, aliyezoea kumaliza kazi kwa mpigo mmoja, hukuta mpira wake umerudishwa, na tena umerudishwa, na tena. Miguu nayo haisimami papo hapo. Mchezaji hana budi kujifunza kuteleza hatua mbili tatu kabla ya kupiga, kama mtoto anavyoteleza juu ya mteremko wenye matope. Hushinda mwenye subira na mapafu.

Jambo jingine ni alama. Mpira ukigusa vumbi huacha nukta ndogo, na ikiwa pana ubishi juu ya mpira uliotua ndani au nje ya mstari, mwamuzi hushuka kutoka kiti chake kirefu, akainama, akaangalia ile nukta kama mfugaji anayeangalia nyayo za fisi karibu na zizi. Katika mashindano mengine makubwa mitambo imechukua kazi hiyo, lakini Paris, hata mwaka wa 2025, waamuzi walikuwa bado wakishuka na kuinama.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka wa 1891, lakini kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini hakuruhusiwa kuingia mtu asiyekuwa wa klabu ya Ufaransa. Wageni walianza kukaribishwa mwaka wa 1925. Mwaka wa 1927 Wafaransa wanne, Borotra, Brugnon, Cochet na Lacoste, walikwenda Marekani wakawanyang'anya Wamarekani Kombe la Davis, na kwa kuwa sheria iliwataka kulitetea nyumbani mwaka uliofuata, ikabidi kujenga uwanja mkubwa upesi upesi. Ndio uwanja uliofunguliwa mwaka wa 1928 karibu na msitu wa Boulogne, nao ukaitwa Roland Garros.

Wengi hudhani Roland Garros alikuwa mcheza tenisi. Alikuwa rubani. Alizaliwa mwaka wa 1888 katika kisiwa cha Réunion, ambacho kimo katika bahari hii hii ya Hindi inayopiga ufukwe wa Mombasa, na mwaka wa 1913 akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege juu ya bahari ya Mediterania, kutoka Ufaransa mpaka Bizerte nchini Tunisia, bila kutua njiani. Aliuawa vitani tarehe 5 Oktoba 1918, siku moja kabla ya kutimiza miaka thelathini. Klabu iliyotoa ardhi ya uwanja ilitaka jina la mwanachama wake huyo likumbukwe, na limekumbukwa kweli, ingawa si kwa kazi yake.

Uwanja huu umeona na mambo mengine yasiyopendeza kusimuliwa katika ukurasa wa michezo. Vita vilipoanza mwaka wa 1939 serikali ya Ufaransa iliufanya kuwa mahali pa kuwafungia wageni walioshukiwa, wengi wao wakiwa watu waliowakimbia Wajerumani. Mwandishi Arthur Koestler alikuwa mmoja wao. Watu walilala chini ya ngazi za watazamaji. Mashindano yalirudi mwaka wa 1946. Sikutaka kuliruka jambo hilo.

Basi tufike kwa huyo binti.

Althea Gibson alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 mahali paitwapo Silver, katika jimbo la South Carolina, Marekani. Baba yake Daniel na mama yake Annie walikuwa wakilima pamba katika shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno naye, kazi ambayo kila mkulima anaweza kuihesabu mwenyewe, maana mwenye shamba hakosi fungu lake hata mvua ikikosa. Mwaka wa 1930 jamaa hao walihamia New York, mtaa wa Harlem, ambako watu weusi wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi.

Bahati yake ilikuwa barabara. Nyumba yao ilikuwa katika barabara ya 143, na polisi walikuwa wakifunga sehemu ya barabara hiyo mchana ili watoto wapate kucheza bila kuogopa motokaa. Hapo palichorwa mistari ya mchezo mmoja unaofanana na tenisi, unaochezwa kwa vibao vya mti. Alipokuwa na umri wa miaka 12 Althea alikuwa bingwa wa wanawake wa mji mzima wa New York katika mchezo huo. Mwanamuziki mmoja aliyekuwa akiwasimamia watoto, Bw. Buddy Walker, alimnunulia raketi mbili kuukuu, kila moja dola 5. Halafu, mwaka wa 1940, majirani wakachanga fedha ili aingizwe katika klabu ya tenisi ya watu weusi pale Harlem na apate mwalimu. Mwalimu wake, Bw. Fred Johnson, alikuwa na mkono mmoja tu.

Nasisitiza neno hilo la majirani kwa kuwa msomaji wangu wa Nyeri anasema tenisi ni ya wenye vilabu. Watu weusi wa Marekani walikuwa wamefungiwa nje ya vilabu vya wazungu, basi wakaunda chama chao na mashindano yao. Katika chama hicho walikuwamo madaktari wawili. Daktari Hubert Eaton wa mji wa Wilmington alikuwa na kiwanja nyuma ya nyumba yake, na Daktari Walter Johnson wa mji wa Lynchburg naye alikuwa na chake. Mwaka wa 1946 wawili hao walimchukua Althea, aliyekuwa ameacha shule, wakakubaliana hivi: wakati wa masomo akae kwa Eaton na kusoma, wakati wa likizo akae kwa Johnson na kusafiri katika mashindano. Alimaliza shule ya sekondari mwaka wa 1949, akaenda chuo kikuu. Kuanzia mwaka wa 1947 mpaka 1956 alishinda ubingwa wa wanawake wa chama cha watu weusi mara kumi mfululizo.

Lakini mlango mkubwa ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kuwazuia watu weusi wasicheze katika ubingwa wa taifa pale Forest Hills. Palikuwa na njia ya karani mjanja, ambayo sisi tufanyao kazi za ofisi tunaifahamu. Mtu hukaribishwa baada ya kucheza mashindano madogo ya kutosha, na mashindano madogo hufanywa katika vilabu ambavyo haviruhusu mtu mweusi kuingia. Faili haikukataliwa, ila haikutoka mezani. Mwezi wa Julai 1950 Bi. Alice Marble, mzungu, aliyekuwa bingwa wa Marekani mara nne na wa Wimbledon mara moja, aliandika barua katika gazeti la tenisi akiwaambia wenzake wazi wazi ya kuwa wakimzuia binti huyo, sababu si mchezo wake ila ni ngozi yake, na ya kuwa ni aibu. Mwezi uliofuata Althea akakaribishwa.

Siku aliyotimiza miaka 23 alikuwa Forest Hills. Katika mzunguko wa pili alikutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, na katika seti ya mwisho alikuwa mbele gemu 7 kwa 6 mvua kubwa ilipoanguka na radi ikaangusha mmoja wa tai wa mawe waliopamba uwanja. Kesho yake walirudi, na Brough akashinda. Baada ya hapo ikafuata miaka mitano ya kusikitisha. Hakushinda lolote kubwa. Alihitimu chuo mwaka wa 1953, akawa mwalimu wa michezo katika chuo kimoja cha Missouri, na akawa anafikiri kuacha tenisi na kujiunga na jeshi la wanawake.

Kilichomrudisha kilikuwa siasa. Mwezi wa Agosti 1955 mvulana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili huko Mississippi, na dunia nzima ikaisema vibaya Marekani. Mwisho wa mwaka huo serikali yake ikampeleka Althea Gibson pamoja na wachezaji watatu weupe kuzunguka Asia, wakacheza Burma, India, Pakistan, Ceylon na Thailand. Naamini hakuna mtu aliyekuwa mjinga asione kwa nini mmoja wa wale wanne alikuwa mweusi. Yeye mwenyewe alilifahamu. Lakini alilipiwa nauli, akacheza kila siku na watu hodari, na safari ilipokwisha hakurudi nyumbani. Aliendelea mpaka Ulaya. Huko India ndiko alikozoeana na Mwingereza mmoja, Angela Buxton, binti wa Kiyahudi aliyekuwa amenyimwa nafasi katika klabu moja mashuhuri ya London kwa ajili ya uyahudi wake. Mwaka wa 1956 walipofika Paris hakuna kati yao aliyekuwa na mwenzi wa mchezo wa wawili-wawili. Wakacheza pamoja.

Haya, Mei 1956. Althea alikuwa na umri wa miaka 28. Alikuwa mrefu, karibu futi sita, na mchezo wake ulikuwa mchezo wa nyasi: kuanzisha mpira kwa nguvu, kukimbilia wavuni, kuumaliza hewani. Yaani ni mchezo ule ule ambao vumbi la matofali huuvunja. Mtu aliyekuwa akibashiri kwa akili asingemchagua.

Katika nusu fainali alipangiwa, kwa namna mambo haya yalivyo, rafiki yake Buxton. Buxton akashinda seti ya kwanza 6 kwa 2. Althea akazishinda mbili zilizofuata, 6 kwa 0 na 6 kwa 4. Halafu katika fainali akamkabili Mwingereza mwingine, Angela Mortimer, ambaye ndiye aliyekuwa ameshinda kombe hilo mwaka wa 1955. Mortimer alikuwa na masikio mazito, na watu waliomjua walisema ya kuwa jambo hilo lilimsaidia kutuliza mawazo. Mchezo wake ulikuwa wa kukaa nyuma, kurudisha kila kitu na kungoja mwenzake akosee. Udongo ulikuwa wake.

Hapa lazima nieleze hesabu kwa wasiojua. Kiwanja cha watu wawili kina urefu wa futi 78 na upana wa futi 27, na wavu wake katikati una futi 3. Pointi huhesabiwa 15, 30, 40, na ya nne ni gemu. Mkifungana 40 kwa 40 lazima mmoja ashinde pointi mbili mfululizo. Atakayepata gemu sita kwanza ameshinda seti, bora awe mbele kwa gemu mbili. Wanawake hucheza kutafuta seti mbili. Siku hizi wakifika 6 kwa 6 hucheza gemu moja fupi ya kuamua, lakini desturi hiyo ilikuja katika miaka ya 1970. Mwaka wa 1956 seti haikuwa na mwisho ila ule ambao wachezaji wenyewe waliufanya.

Seti ya kwanza ilikwenda kama mvua ya mawe. Althea 6, Mortimer 0. Bingwa wa mwaka uliopita hakupata hata gemu moja. Ya pili ndiyo iliyoonyesha ubingwa, kwa pande zote mbili. Mortimer akakaza. Wakafika 6 kwa 6, wakaendelea. 8 kwa 8, wakaendelea. 10 kwa 10, na udongo ukawa bado unaurudisha kila mpigo ambao juu ya nyasi ungekuwa umekwisha. Hii ndiyo saa ambayo Althea wa mwaka wa 1950 alishindwa, mbele kwa gemu moja katika seti ndefu. Fikiri mtu anayechezea seti hiyo huku anajua ya kuwa akishindwa watasema, mliona, hawa hawana moyo wa kumaliza. Mwenzake akishindwa ameshindwa mchezo tu. Mzigo huo haumo katika hesabu ya gemu.

Alishinda 12 kwa 10. Gemu 22 katika seti moja. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mtu mweusi, mwanamume wala mwanamke, aliyepata kushinda hata moja ya mashindano yale manne makubwa ya dunia, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Pamoja na Buxton alishinda na kombe la wawili-wawili, wakiwashinda Wamarekani Darlene Hard na Dorothy Knode 6 kwa 8, 8 kwa 6, 6 kwa 1. Binti aliyekataliwa kwa rangi na binti aliyekataliwa kwa uyahudi wakabeba kombe moja.

Na fedha? Hapakuwa na fedha. Mpaka mwaka wa 1968 mashindano haya yalikuwa ya wasiolipwa, mshindi akapewa kikombe na mkono wa pongezi. Ningependa mwandishi wa ile barua ya Nyeri aliangalie jambo hili kwa makini, maana hapa kwa kweli nakubaliana naye kuliko anavyodhani. Mchezo usiolipa ulisifiwa kuwa ni mchezo wa heshima, lakini heshima hiyo ilikuwa rahisi kwa mtu ambaye baba yake ana benki. Binti wa wakulima wa pamba alikuwa akicheza kwa nauli ya serikali na raketi za kupewa.

Baada ya Paris alishindwa Wimbledon, akashindwa na Forest Hills katika fainali, mara zote mbili na Mmarekani Shirley Fry. Mwaka wa 1957 ndio aliposhinda Wimbledon, akapewa sahani na Malkia Elizabeth kwa mkono wake, akaandamanishwa katika barabara za New York huku watu wakimrushia vipande vya karatasi. Wiki chache baadaye alikwenda karibu na Chicago kucheza ubingwa wa Marekani wa viwanja vya udongo. Akaushinda. Lakini hoteli ya huko ilikuwa imekataa kumpa chumba. Sahani ya Malkia haikuwa ufunguo wa mlango wa hoteli. Mwaka huo huo na mwaka wa 1958 alishinda ubingwa wa Marekani, na Wimbledon mara ya pili, kisha akaacha, kwa sababu vikombe haviliwi. Alicheza tenisi ya maonyesho kabla ya michezo ya mpira wa kikapu, alijaribu kuimba, na mwaka wa 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika chama cha wanawake wanaocheza gofu kwa malipo. Gofu nayo haikumtajirisha.

Alipozeeka akaugua, akaishiwa. Katika miaka ya 1990 alimpigia simu Angela Buxton, wala haikuwa simu ya furaha. Hakuwa na kodi ya nyumba wala fedha za dawa, na alikuwa amekata tamaa ya kuishi. Buxton alituma fedha zake mwenyewe, kisha habari ikachapishwa katika gazeti la tenisi, na barua zenye fedha zikaanza kuja kutoka nchi nyingi, kutoka kwa watu ambao hawakupata kumwona akicheza. Alifariki tarehe 28 Septemba 2003. Mwaka wa 2019 sanamu yake iliwekwa katika uwanja wa mashindano ya Marekani mjini New York, na mwaka wa 2025 uso wake ulichorwa katika sarafu ya senti 25 ya nchi yake. Mtu aliyekosa kodi ya nyumba sasa ni fedha.

Kuna uzi mmoja uliobaki, nao unarudi Afrika. Yule Daktari Johnson wa Lynchburg hakuacha kufundisha watoto nyuma ya nyumba yake. Miongoni mwao alikuwamo kijana mwembamba wa Richmond, Arthur Ashe, aliyekuja kushinda ubingwa wa Marekani mwaka wa 1968 na Wimbledon mwaka wa 1975. Mwaka wa 1971 Ashe alifika Yaoundé, Kameruni, akaona mtoto wa karibu miaka 11 akipiga mpira vizuri mno. Alimpa raketi, akawaarifu wakuu wa tenisi wa Ufaransa, nao wakampeleka mtoto huyo shuleni Nice. Mtoto huyo alikuwa Yannick Noah, ambaye baba yake, Zacharie, Mkameruni, alikuwa mchezaji wa kandanda. Tarehe 5 Juni 1983, juu ya vumbi lile lile la matofali, Noah alimshinda Msweden Mats Wilander 6-2, 7-5, 7-6. Hakuna Mfaransa aliyekuwa ameshinda kombe hilo la wanaume tangu Marcel Bernard mwaka wa 1946. Pointi ya mwisho ilipokwisha Zacharie aliruka kutoka kwa watazamaji akaingia kiwanjani, wakakumbatiana baba na mwana.

Na kwa kuwa nimeombwa niandike mambo yetu: mwezi wa Julai 2022, juu ya nyasi za Wimbledon, Angella Okutoyi wa Kenya alishinda kombe la wasichana la wawili-wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyepata kushinda kombe la vijana katika mashindano yale manne kabla yake.

Bwana wa Nyeri, barua yako ingali mezani kwangu, na nitafurahi kupata nyingine. Ukiwa na kipande cha ardhi kisichofaa kwa kahawa, murram ikiwa karibu, nitakuandikia vipimo vyote vya kiwanja na namna ya kupitisha maji. Wiki ijayo, tukijaliwa, nitarudi kwenye mbio za nyika kama nilivyowaahidi wale wa Kapsabet, ambao wamekwisha kuniandikia mara mbili kunikumbusha.